Daftari la Maji la Bi Mwatima

Mardhiya Wakil alikuja kupanga chumba kwetu Mkunazini mwaka 1998, na sanduku moja na jiko la mafuta ya taa. Mama yangu, Bi Bahiya, alilitazama lile jiko kama anavyomtazama paka wa jirani. "Hilo liweke chini ya ngazi," akamwambia. "Humu utakula na sisi." Jiko lipo chini ya ngazi mpaka leo.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa Bwejuu, pwani ya mashariki ya kisiwa chetu. Kazi alifanya pamoja nami, katika maktaba ya chuo kimoja hapa mjini: mimi mkutubi, yeye mchapaji wa kadi za vitabu. Tulikwenda pamoja asubuhi tukarudi pamoja alasiri, na katika mwaka mzima wa kwanza sidhani kama alinambia maneno mia mbili. Hakuwa na kiburi. Alikuwa mtu wa kulipima neno kwanza, na mengi akiyapima huyaona hayana haja ya kutoka.

Mwaka wa pili aliniomba kitabu cha kufundisha kuandika programu za kompyuta. Kadi yake ya kuazimia haikuwa na muhuri hata mmoja. Alikaa nacho miezi minane, akakirudisha, akakiomba tena. Kisha siku moja nikafika kazini nikakuta kadi zetu zote, kazi ya miaka, zinatafutika kwenye kompyuta kwa jina la mwandishi, na yeye amekaa pembeni anakunywa chai.

"Hii programu imenunuliwa wapi?" nikamuuliza.

"Haikununuliwa. Nimeiandika."

"Lini?"

"Wewe ulikuwa hapo hapo, dada Kawthar. Ulikuwa ukinambia nisigonge vitufe kwa nguvu."

Mwaka 2003 chuo kilipata kompyuta kuukuu kutoka nje, na ndani yake mlikuwa na programu za aina ambayo sisi hatukuwa tumeisikia. Maandishi yake, zile amri zilizoifanya programu iwe programu, yalikuwa wazi. Anayetaka anayasoma. Anayeweza anayarekebisha, na rekebisho lake, ambalo wenyewe hulifananisha na kiraka cha nguo, humpelekea mtunzaji wa programu. Mtunzaji akiridhika hulishona pale penye tundu, na jina la aliyelileta huandikwa katika orodha. Hakuna malipo. Mardhiya alinieleza hayo akiwa amesimama, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo haina mwenyewe?" nikasema.

"Anaye. Mlango tu hakuufunga."

Miongoni mwa programu hizo palikuwa na moja ya kukokotoa maji kujaa na kupwa. Unachagua bandari, inakupa saa za mwezi mzima, hata wa miaka ijayo. Bandari za dunia zilikuwamo kwa mamia. Ya mjini kwetu ilikuwamo. Pwani ya mashariki haikuwamo hata kijiji kimoja. Mardhiya alichapisha karatasi ya maji ya bandarini, akaenda nayo kwao mwisho wa wiki, akarudi nayo imekunjwa mara nne.

"Mama kaitazama siku mbili," alisema. "Kanambia, haya ni maji ya mjini, yarudishe mjini."

Mama yake, Bi Mwatima Borafya, alikuwa na haki ya kusema hivyo. Alikuwa katika wanawake wa mwanzo kulima mwani pale kijijini, mwishoni mwa miaka ya themanini. Miaka kumi na minne aliinama katika maji ya magoti, jua mgongoni, akifunga vipande vya mwani kwenye kamba. Maji ya ndani ya mwamba aliyajua yalivyo mazito wa kuingia na mazito wa kutoka, na alijua kwamba saa ya bandarini si saa ya pale. Lakini mwaka ule wa 2003 magoti yalikataa. Daktari alimkataza kusimama majini, na kamba zake akampa jirani yake, Kidawa. Tangu hapo akawa anakaa barazani, anawatazama wenziwe wanavyoingia baharini na kutoka. Mardhiya alinambia kwamba mama bado anaamka na maji. Yakipwa alfajiri, anaamka alfajiri, anavaa, halafu anakaa.

Nadhani ndiyo sababu hasa ya mambo yote yaliyofuata, ingawa Mardhiya hakuitaja.

Alimwandikia mtunzaji wa ile programu. Alikuwa mtu wa nchi za baridi, jina lake Ivar, mhandisi wa bandari aliyestaafu. Alijibu baada ya wiki: pwani mpya anaitaka sana, lakini apatiwe vipimo vya mwaka mzima, vilivyoonwa kwa macho. Na kama programu ina upungufu wa kuvipokea vipimo hivyo, basi huo upungufu auandikie kiraka yeye mwenyewe, atakisoma mstari kwa mstari.

Mardhiya alinunua madaftari makubwa mawili. Kwa jioni tano, mezani kwetu, alipiga mistari kwa rula na kuandika tarehe juu ya kila ukurasa, siku moja ukurasa mmoja, mwaka mzima. Akaenda kwao akachimbia boriti la mkoko pale maji yanapofika yakijaa, akalitia alama za rangi. Saa ya ukutani ikashushwa ikatundikwa karibu na mlango. Bi Mwatima alikuwa amepata kisomo cha watu wazima zamani, na namba zake zilikuwa nzuri kuliko zangu, zimesimama wima kama vigingi.

"Nifanye nini?" aliuliza.

"Maji yakifika mwisho wa kujaa, utazame saa, uandike. Ya mchana, na ya usiku kama bado hujalala."

"Na kupwa?"

"Kupwa kutapatikana kwa hesabu."

"Haya. Anayejua kuja atajua na kwenda."

Akaandika mwaka mzima, na ulipokwisha Mardhiya akampigia mistari daftari jengine, akaendelea. Kila mwisho wa mwezi Mardhiya alikwenda kuzinakili zile kurasa. Mama yake aliandika saa kama sisi sote tunavyozisema, saa mbili ni saa mbili baada ya jua kuchomoza au kuzama, na Mardhiya akaandika mistari ya programu ya kuzigeuza ziwe saa za kizungu. Alinionyesha. "Hapa ndipo mtu angekosea," alisema, "akaziingiza kama zilivyo." Nakumbuka alivyokuwa na furaha ya mtu aliyeliona shimo njiani akalikwepa.

Septemba 2004 alipeleka vipimo vyote pamoja na kiraka chake. Siku tisa baadaye likaja jibu. Alilichapisha, akanipa nilisome mimi, naye akageuka kupanga vitabu ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Bwana Ivar aliandika kwa adabu. Vipimo vya mchana, alisema, ni vizuri kuliko alivyowahi kupata kutoka kwa mtu asiye wa kazi hiyo. Lakini vile vya baada ya jua kuzama vyote vimetangulia, kwa karibu saa nzima, mwaka mzima. Bahari haiwezi kuwa na tabia mbili, moja ya mchana na moja ya usiku. "Nimesimamia wapima maji miaka thelathini," aliandika. "Mpimaji aliyelala huandika namba nzuri kuliko aliyekesha. Simlaumu mtu. Ila nakuomba umuulize mpimaji wako kama jioni alikuwa akienda kwenye ule mti wa kupimia." Mpaka hapo litakapojulikana, pwani ile asingeiingiza, wala ya mchana, kwa sababu daftari ni moja, na daftari likitiliwa shaka nusu limetiliwa shaka zima.

Neno lililofuata nililisema mimi. Nilisema: "Mtu mzima yule, Mardhiya. Pengine usiku alikuwa akikisia."

Jumapili asubuhi alikwenda Bwejuu.

Aliyonisimulia jioni ile ni haya. Wao nyumbani husema Kikae. Nayaandika kwa Kiunguja cha mjini, na najua kuna kitu kinapotea.

Alimkuta mama yake barazani na Kidawa, wanasuka ukili. Alisalimia, akaitikiwa. Kidawa akaanza mzaha wake: "Enhe, binti Wakil, mzungu kaleta posa? Manake mwaka mzima anataka habari za mama mkwe tu."

Mardhiya alicheka kidogo, akakaa. Kisha, kwa kuwa si mtu wa kuzunguka, akauliza pale pale, mbele ya Kidawa: "Mama, yale maji ya usiku, ulikuwa ukenda mtini kweli, au siku nyengine ulikuwa ukiandika tu?"

Mkono wa Bi Mwatima ulisimama kwenye ukili.

"Kuandika tu vipi?"

"Kwa kukisia. Si vibaya, mama. Ulikuwa umechoka, magoti yanauma..."

"Nikae kitako hapa niibuni bahari?"

Kidawa akaona haya, akajidai ana chungu jikoni, akaondoka. Bi Mwatima hakupandisha sauti. Aliuliza swali moja: "Hayo kayasema mzungu, au umeyasema wewe?"

"Yeye kauliza."

"Yeye hanijui. Wewe umekuja kwa gari kuniuliza."

Akaendelea kusuka. Mardhiya alikaa mpaka adhuhuri, akaswali, akala, akaaga. Hakupata neno jengine. Siku mbili baadaye Kidawa alipiga simu kutoka dukani, akanong'ona kana kwamba simu ina masikio mengine: "Mwanangu, umemfanya nini mama yako? Daftari kalitia sandukuni. Maji yanajaa yanatoka, hayatazami hata kidogo. Kageuza kiti, anatazama ukuta."

Kwa Mardhiya, pwani kuingia au kutoingia katika programu halikuwa tena jambo. Alitaka kujua kama mama yake alisema kweli. Na kama alisema kweli, basi alikuwa amemfanyia jambo ambalo hakujua litarudishwa vipi. Kazini alizitandaza zile namba, akazitazama siku nzima. Alikagua mistari yake ya kugeuza saa mara kumi. Haikuwa na kosa. Kila alipohakikisha kwamba yeye hana kosa, uso wake ulizidi kuinama, maana kosa lilikuwa linabaki upande mmoja tu.

Ijumaa ya wiki ya pili ilikuwa siku ya kungojea mwezi wa Ramadhani. Nyumba nzima ilikuwa ukumbini, redio imewashwa. Magharibi tulikuwa tumeshaswali, na mama yangu alikuwa akimimina chai pale ilipotangazwa kwamba mwezi umeandama.

"Alhamdulillahi! Ramadhani imeingia," mama akasema. "Haya, chai hizo zinyweni haraka, tarawehe hiyo. Mardhiya, wewe utakwenda na sisi au utabaki na makaratasi yako?"

Mardhiya alikuwa ameshika kikombe, hakinywi.

"Imeingia sasa hivi," alisema.

"Ndiyo, sasa hivi. Ulitaka iingie lini?"

"Kufunga ni kesho. Na tarawehe ni leo."

Mama akanigeukia. "Huyu kaslimu lini? Ebo! Tarawehe si ndo inatangulia? Usiku kwanza, mchana ndo unafuata. Siku inaingia na magharibi, toka tuzaliwe."

Mardhiya alikiweka kikombe chini taratibu sana, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. "Mama anafungua ukurasa mpya magharibi," alisema.

Sikumfahamu mara moja. Alipanda chumbani akashuka na karatasi zake, akazitandaza kwenye mkeka baina ya vikombe, na akanionyesha kwa kidole. Kila jioni, jua likishazama, Bi Mwatima alikuwa akifunua ukurasa wa siku ya pili. Kwake siku ya zamani ilikuwa imekwisha. Maji ya usiku aliyaandika juu, kwanza, chini ya tarehe mpya, na ya mchana akayaandika chini yake. Na Mardhiya, ambaye aliandika zile tarehe juu ya kurasa kutoka kalenda ya ofisini, aliyachukua yale maji ya usiku akayapeleka mwisho wa siku ile, saa ishirini na nne mbele ya mahali pake. Kila mtu wa pwani anajua kwamba maji huchelewa kila siku karibu saa nzima kuliko jana yake. Ukiyasogeza siku moja, umeyatangulizia saa hiyo hiyo.

Alichukua rula, akairudisha kila namba ya usiku siku moja nyuma. Alifanya mwezi mmoja tu, mbele yetu. Zilikaa sawasawa na za mchana, moja baada ya moja, kama shanga.

"Nimezaliwa nayo," alisema. "Nimelelewa nayo. Nimekaa ofisini miaka sita, nshaisahau."

Mama yangu, ambaye hakuelewa habari za programu wala hakutaka kuelewa, alielewa hilo. "Nenda kwa mama yako kesho," akamwambia. "Sasa vaa buibui lako tuswali."

Tulikwenda pamoja, maana na mimi nilikuwa na deni la neno. Tulifika kiasi cha adhuhuri, funga ya kwanza, koo zimekauka. Bi Mwatima alikuwa barazani, na kweli kiti kilikuwa kimegeuzwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Shikamoo, Bi Mwatima."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Leo hakuna hata cha kukukaribisheni, mumechagua siku."

Mardhiya alikaa chini, miguuni pake, si kwenye kiti. Akaeleza yote. Hakujitetea, alisema tu kosa lilivyokuwa, kama anavyosoma barua ya mtu mwengine. Kidawa alikuwa ameshasogea karibu na ukili wake.

"Kwani kwao siku inaanza lini?" Bi Mwatima akauliza.

"Saa sita ya usiku."

"Saa sita ya usiku!" Akatutazama mmoja mmoja, kuona nani anatania. "Watu wote wamelala. Nani anayeiona ikiingia?"

"Hakuna, mama. Ni saa tu."

"Ndo maana kila dakika wanaangalia mkononi," Kidawa akasema. "Siku inawaingilia usingizini, wanaogopa itawapita tena."

Bi Mwatima alicheka. Nikaona nafasi, nikasema: "Bi Mwatima, neno la kukisia nililianza mimi. Naomba radhi."

"Wewe umesema kwa kutonijua," alinijibu kwa upole. "Wewe huna kosa." Wala hakumtazama Mardhiya alipolisema hilo, na sisi sote tulisikia alichokiacha.

Tukakaa. Alasiri tukaswali. Maji yalikuwa yanakuja; kutoka pale barazani unayasikia kabla ya kuyaona. Kiasi cha saa kumi na nusu Bi Mwatima aliinuka, mkono gotini, akaingia ndani. Tulisikia sanduku likifunguliwa. Akatoka na daftari, akaitazama saa ya mlangoni, akateremka mpaka kwenye boriti. Mardhiya alitaka kumfuata. Kidawa akamshika nguo. "Mwache."

Alisimama pale muda mrefu, mtu mmoja mnene mwenye kanga, akitazama alama ya rangi inavyomezwa. Mara mbili alirudi mlangoni kuitazama saa na kurudi tena mtini. Kisha akaandika, akaja akampa Mardhiya daftari. Saa kumi na moja kasorobo. Kabla ya ukurasa ule palikuwa na kurasa kumi na mbili tupu, zenye tarehe juu na mistari ya rula, na chini yake hamna kitu.

"Hizi hazina neno, mama," Mardhiya akasema. "Hizi naweza kuzijaza. Sasa vipimo vimekaa sawa, programu itazikokotoa yenyewe, hata dakika haitakosea."

Bi Mwatima alilichukua daftari lake mkononi mwa bintiye, akalifunga.

"Usizijaze. Sikwenda."

"Lakini maji yalikuwapo..."

"Maji yalikuwapo. Miye sikwenda."

Hapo ndipo Mardhiya alipolia. Siku zote nilizomjua nilimwona akilia mara moja hiyo.

Kazi iliyobaki ilimchukua miezi minne. Angeweza kuzirekebisha zile namba kwa mkono, na Bwana Ivar alimshauri hivyo, baada ya kuomba radhi kwa barua ndefu ambayo Mardhiya alimfasiria mama yake neno kwa neno. Hakutaka. Aliandika kiraka kingine, cha kuiwezesha programu kupokea daftari la mtu ambaye siku yake inaanza jua linapozama. Ilibidi programu ijue jua linazama saa ngapi kila siku na kila mahali, na hesabu hiyo aliitafuta katika vitabu vyetu vya jiografia, akikaa maktaba mpaka mlinzi anatikisa funguo. Bwana Ivar alimrudishia mara tatu. Mara ya kwanza mistari ilikuwa mirefu mno. Mara ya pili programu ilikwama kwa nchi ambazo kuna miezi jua halizami kabisa, na Mardhiya alikaa siku mbili akijaribu kuwawazia watu wa namna hiyo, magharibi yao wanaipata wapi. Mara ya tatu aliuliza swali tu: ni nani atakayeitumia sehemu hii?

Mardhiya alimjibu kwa sentensi moja. "Mama yangu, na watu wanaohesabu kama yeye, ambao ni wengi kuliko unavyofikiri."

Toleo jipya lilitoka Machi 2005. Bwejuu ilikuwamo. Katika orodha ya waliochangia palikuwa na majina mawili yaliyofuatana, Mardhiya Wakil na Mwatima Borafya, na mbele ya hilo la pili neno moja, mpimaji. Alichapisha karatasi ya maji ya mwezi ule, na ukurasa wa majina, akazipeleka kwao.

Bi Mwatima hakuliulizia jina. Aliweka karatasi ya maji magotini, akafuatisha kwa kidole siku saba za mbele, kisha kwa siku saba akaenda mtini kuihakiki. Mardhiya aliporudi wiki ya pili, alimwambia: "Haya sasa ni maji ya huku." Halafu akauliza: "Na zile kumi na mbili?"

"Wameziacha, mama. Tupu."

"Haya," akasema, na akarudi kwenye ukili.

Aliendelea kuandika miaka mitatu zaidi, ingawa hakuna aliyemwomba, mpaka 2008 alipofariki. Daftari la mwisho linaishia katikati ya ukurasa: maji ya usiku yameandikwa, ya mchana hayakuandikwa.

Mwaka uliopita chuo kilibadilisha kompyuta, na programu ile, toleo jipya kabisa, ikaja pamoja na nyengine. Bwana Ivar hayupo tena. Wanaitunza watu wengine ambao hatuwajui. Nilimwomba Mardhiya anifungulie faili la pwani ya kwao. Mimi si mjuzi wa mistari ile, lakini sehemu moja naweza kuisoma, kwa sababu ameiandika kwa Kiswahili, katika yale maelezo ambayo programu huyaruka na watu huyasoma. Bwana Ivar aliwahi kumuuliza maana yake, akaelezwa, akaamuru yasiguswe. Yanasema: *Siku kumi na mbili hapa hazina namba. Mpimaji hakwenda mtini kwa sababu mimi nilimtilia shaka. Zisijazwe.*

Nilimuuliza kile ambacho kwa miaka yote sikuthubutu kumuuliza, kama mama yake aliwahi kutamka kwamba amemsamehe.

Alifikiri kwanza, kama kawaida yake.

"Hakutamka," alisema. "Alirudi kuandika."

Akalifunga faili, tukaenda kuswali alasiri.